Mtu Mzima Ovyo: Mwongozo wa Kurudi Mchezoni

Usiku mmoja mwaka juzi umeme ulikatika mtaani kwetu. Watoto wakatoka nje kucheza kombolela, mimi nikawa nimekaa barazani nafukuza mbu kwa ncha ya khanga ya mke wangu. Mara mjukuu wa jirani akaja kunivuta mkono: "Babu, tumepungukiwa mtu mmoja." Kwanza nilitaka kumwambia kwamba mimi si babu, nina miaka 48. Kisha nikanyanyuka, labda kwa sababu ya neno hilo hilo.

Nikajificha nyuma ya tangi la maji. Mtafutaji alipojisahau akaliacha kopo peke yake, nikachomoka ili nilipige teke na kuwakomboa wote waliokwisha kukamatwa. Nilipiga hatua sita. Ya saba kigimbi cha mguu wa kulia kikachanika, nikahisi kama mtu kanirushia jiwe kwa nyuma, nikaenda chini mita moja kutoka kwenye kopo. Watoto walicheka, wakanyamaza, wakaenda kumwita mke wangu. Alikuja na tochi ya simu, akanimulika kuanzia utosini hadi nyayoni, akasema maneno matatu tu: "Mtu mzima ovyo."

Nilichechemea kwa wiki tatu, na katika wiki hizo nilipata nafasi ya kufikiri. Mimi nilikuwa mtu wa mazoezi, au nilijiona hivyo. Kila alfajiri nilitembea nusu saa, raba zangu safi, saa mkononi. Kumbe mwili ulikuwa umebaki na ujuzi mmoja tu: kwenda mbele polepole juu ya ardhi tambarare. Kuruka, kutambaa, kuning'inia, kukwepa, kugeuka ghafla, kuinuka kutoka sakafuni bila kushika kitu, vyote nilivijua nikiwa na miaka 10. Hakuna aliyeninyang'anya. Niliviacha mwenyewe, kimoja kimoja, kwa kuona haya. Hapa nitakueleza jinsi ya kuvirudia bila kuchana kigimbi.

Aliyelipanga jambo hili vizuri kabla yetu ni Mfaransa Georges Hébert, ofisa wa jeshi la majini. Mwaka 1902, Mlima Pelée ulipolipuka kisiwani Martinique na kuuangamiza mji wa Saint-Pierre pamoja na watu wapatao 30,000, yeye alikuwa miongoni mwa waliohangaika kuokoa watu. Tangu hapo akashikilia kwamba mtu atafute nguvu ili awafae wenzake. Tena katika safari zake, za Afrika zikiwemo, alikuwa amewaona watu wenye miili mikakamavu ambao hawakuwahi kuwa na mwalimu wa viungo. Akayagawa mazoezi katika mafungu 10: kutembea, kukimbia, kuruka, kutambaa kwa mikono na miguu, kupanda, kujiweka sawa juu ya kitu chembamba, kurusha, kunyanyua, kujihami na kuogelea. Vijana wanaoruka kuta katika mchezo wa parkour ni wajukuu wa mawazo hayo.

Soma tena orodha hiyo, kisha mfikirie mtoto wa Kigamboni, hapa Dar es Salaam, siku ya Jumamosi. Kabla ya adhuhuri ameshamaliza mafungu yote kumi, na bado anatafutwa aende dukani.

Tuanze na ile haya niliyoitaja, kwa sababu ndiyo kikwazo chenyewe. Magoti huja baadaye. Ukichunguza utaona kwamba kwetu watu wazima hucheza sana, mradi wamepewa kisingizio. Kila Julai kule Makunduchi, Zanzibar, kwenye Mwaka Kogwa, wanaume wazima hupigana kwa vigogo vya migomba mchana kweupe na hakuna anayewashangaa. Watumishi wa serikali wenye vyeo vyao huvuta kamba kwenye mashindano ya SHIMIWI hadi wakabwagana chini. Unguja kina mama hucheza nage. Na harusini nani asiyejua shangazi aliyelalamikia mgongo mwezi mzima, ngoma ikilia anashuka hadi chini na kupanda tena? Kwa hiyo nawe tafuta kisingizio chako. Watoto ni kisingizio kizuri. Giza la alfajiri ni kingine. Kisingizio kisichopingwa na mtu yeyote, hata mama mkwe, ni kusema: "Daktari kaniambia."

Na kweli mwone daktari kwanza kama una presha, sukari, tatizo la moyo, ujauzito, au goti lililowahi kuumia. Mwulize hivi: naweza kuruka, naweza kutambaa, naweza kubeba ndoo? Ukimwuliza tu kama ufanye mazoezi, atakujibu ndiyo na mtaishia hapo. Ukiwa mchezoni ukasikia kifua kinabana au kichwa kinazunguka, acha pale pale, hata kama chupa inakaribia kujaa. Chupa nitaieleza.

Anzia chini, sakafuni. Tandika mkeka, simama katikati, kaa chini, kisha inuka. Umetumia mkono? Goti? Umejisukuma kwa kiwiko huku ukiguna? Daktari mmoja wa Brazil, Claudio Gil Araújo, amekifanya kitendo hiki kuwa kipimo cha alama 10: tano za kukaa, tano za kuinuka, unakatwa moja kila unapojitegemeza kwa mkono au goti, na nusu ukiyumba. Mwaka 2012 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hadi 80, na waliopata alama chache ndio waliokuwa wamefariki kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata. Usitishike. Kuinuka kwa mbwembwe hakumzuii Izraili; ila kitendo hicho kimoja hufichua mengi kwa mpigo: nguvu za mapaja, ulaini wa nyonga, uzito wa mwili, usawa. Mimi nilipata alama sita, na moja katika hizo naamini nilijipendelea.

Dawa yake ni mkeka ule ule. Kula chakula cha jioni chini. Kunja nguo ukiwa chini. Soma simu ukiwa chini, ukibadilisha mkao kila miguu inapolalamika: miguu mbele, miguu upande, magoti yamekunjwa. Mwislamu anayeswali swala tano ana rakaa 17 za faradhi kwa siku, na kila moja ina kushuka na kuinuka kwake. Asiharakishe tu, na asijisukume kwa mkono kama hana haja. Wengine tujiwekee desturi ya kushuka mkekani na kuinuka mara 10 kwa siku, si lazima kwa mfululizo.

Kuchuchumaa kunataka subira zaidi. Vizazi vilivyotutangulia vilichuchumaa chooni, jikoni na shambani, vikakaa karibu na ardhi kwenye kibao cha mbuzi vikikuna nazi. Sisi tumeletewa choo cha kukaa na sofa, nyonga zikafunga kama bawaba yenye kutu. Shika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, shuka taratibu huku visigino vikiwa chini. Visigino vikinyanyuka, weka kipande cha ubao chini yake, hakuna aibu. Kaa hapo sekunde 30. Ongeza kidogo kidogo mpaka zifike dakika tatu bila mlango wala ubao. Utachoka haraka ukihesabu sekunde, kwa hiyo cheza mdako: chimba kishimo kidogo, jaza kokoto, rusha kokoto moja juu, zitoe nyingine kabla hujaidaka. Ukishazama kwenye mdako unasahau kwamba umechuchumaa. Siri ya mambo haya yote iko hapo: mchezo unaubeba mwili mahali ambapo nidhamu peke yake ingeutua njiani.

Kutambaa nakushauri ukufanyie ufukweni, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekaza. Hapo Coco Beach, saa 12 asubuhi, kuna kila aina ya mtu anayejisumbua; mmoja zaidi hataonekana. Nenda kwa mikono na miguu, magoti yakiwa juu ya mchanga kwa upana wa kiganja tu, mita tano, pumzika, rudi. Kisha kaa, weka mikono nyuma, nyanyua makalio na uende upande upande kama kaa anayekimbilia tundu lake. Viganja na mabega vitalalamika siku mbili. Yakiuma maungio badala ya nyama, punguza.

Miguu mitupu ni mizuri, unyayo unapata akili yake ya zamani, lakini chagua mahali. Mchanga unaooshwa na maji ya bahari ni salama zaidi, na hata huko angalia chupa zilizovunjika. Uwanja wa mtaani wenye uchafu ni habari nyingine: minyoo ya safura hupenya kupitia ngozi ya mguu mtupu, na humaliza damu. Pale vaa raba.

Sasa rede. Kwa mtu mzima sijaona mchezo ulio bora kuliko huu, na inanisikitisha kwamba tuliwaachia wasichana wa shule ya msingi. Kwetu unachezwa hivi. Wawili wanasimama wakitazamana, hatua 12 hivi kati yao, wakirushiana mpira wa soksi kuukuu zilizojazwa matambara. Katikati yuko mchezaji mwenye chupa tupu ya soda na kichuguu cha mchanga. Kazi yake ni kuijaza chupa kwa mkono huku akikwepa mpira. Mpira ukimgusa, ametoka. Chupa ikijaa, ameshinda. Nairobi wana ndugu yake aitwaye kati.

Tazama kinachotokea mwilini. Unachuchumaa kuchota mchanga, macho yako kwa mrushaji. Mpira unakuja, unaruka pembeni, unageuka kwa sababu sasa yuko mgongoni mwako, unashuka tena. Mkono mmoja unafanya kazi ya ustadi kwenye mdomo mwembamba wa chupa, mwili wote unafanya kazi ya haraka, na moyo unadunda kama umekimbia. Baada ya dakika mbili utakuwa umechuchumaa mara nyingi kuliko ulivyowahi kufanya kwa kuamrishwa na mtu, na hukuhesabu hata moja. Warushaji nao wanatumia bega, kiuno na jicho. Tena kuna ulaghai, kuna kujifanya unarusha huku unachungulia upande mwingine, kuna matusi madogo ya kirafiki.

Kwa watu wazima rekebisha mambo manne. Mpira uwe laini kabisa. Pigeni chini ya kiuno tu. Ondoeni mawe na vigae uwanjani kabla ya kuanza, kwa kupita mmoja mmoja mkiokota. Na badilishaneni kila baada ya dakika mbili hata kama aliyeko kati hajatoka, maana mtu wa miaka 50 akinogewa hajui kuacha. Wiki ya kwanza aliyeko kati atembee tu, asikimbie. Inachekesha, na bado jasho linatoka.

Kwa kina mama kikwazo cha haya ni kizito zaidi. Mwanamume akicheza ataitwa mcheshi, mwanamke ataulizwa kama mumewe anajua. Wanawake wa nyumba ya nyuma yetu walilimaliza jambo hilo kwa kucheza uani, geti limefungwa, suruali ndefu chini ya dera na dera limefungwa fundo kiunoni. Kelele zinazotoka humo Jumapili jioni zinanifanya nione wivu.

Nirudi kwenye kigimbi changu, maana hapa ndipo watu wazima wengi wanapoumia. Ukianza upya, misuli huzoea kazi ndani ya wiki chache, lakini kano zinazoifunga kwenye mifupa huchelewa, huchukua miezi. Kwa hiyo wiki ya nne unajisikia shujaa huku kano bado ni za mtu wa ofisini. Kabla ya kukimbia mbio za ghafla, tembea kwa kasi dakika tano, kisha ruka ruka papo hapo. Kwa miezi ya mwanzo kimbia kwa nusu ya nguvu zako tu. Kamba ya kuruka inafaa sana kuandaa vigimbi: ruka mara 20, pumzika, rudia mara mbili, kila siku ya pili, ongeza mara tano kila wiki. Unapotua usisikike. Ncha ya mguu itangulie, kisigino kifuate, magoti yalegee, kama paka anayeshuka ukutani. Ukisikia "pu!" umeshuka kama gunia.

Mbio zenyewe tunazo tayari, mchakamchaka. Wataalamu wa afya husema mwendo wa kadiri ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Yeyote aliyewahi kukutana na klabu za jogging za Temeke alfajiri ya Jumamosi, watu wazima wakiimba na kuitikiana barabarani, anajua kwamba kipimo hicho kimekutana na watu wasiokijua. Jiunge nao ukiweza. Wimbo husahaulisha kilomita.

Kuning'inia ni fungu nililolipuuza na sasa nalipenda. Tafuta tawi la mwembe lenye unene wa mkono wako au zaidi, lisilo na ganda lililooza wala chungu wa moto, liwe kwenye urefu unaolifikia miguu ikiwa bado ardhini. Shika, kunja magoti taratibu mpaka mabega yabebe sehemu ya uzito, sekunde 10. Usinyanyue miguu yote siku ya kwanza. Baada ya mwezi utaweza kuning'inia kabisa, na baada ya hapo utatamani kupanda. Panda, lakini usizidi urefu ambao ungekubali kuruka kutoka hapo, na mpapai usiuguse hata kwa mzaha, shina lake ni laini kama ahadi. Minazi waachie wakwezi.

Usawa hauhitaji uwanja. Simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, sekunde 10 kila upande. Kina Araújo hao hao waliutumia muda huo katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022, na karibu mmoja kati ya watano alishindwa. Ukiweza, fumba macho, karibu na ukuta. Kisha tembea juu ya ukingo wa baraza au gogo lililolala, mikono wazi, ukitazama mwisho wa gogo badala ya vidole vyako.

Kubeba unakujua. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Anza na nusu yake, tembea hatua 50, badilisha mkono. Ukiwa na mjukuu, mbebe mgongoni, huyo anajibadilisha uzito mwenyewe kila mwezi. Na kwa wanaokaa pwani, bahari ni uwanja wa bure, ila usiwaige vijana wa Forodhani, Unguja, wanaojirusha majini kutoka ukutani. Wao wanajua maji yamejaa kiasi gani saa hiyo, na pale kujaa na kupwa hutofautiana kwa mita kadhaa.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kadiri kwa wiki, na kazi ya kukaza misuli angalau siku mbili. Mimi nafanya dakika 10 kila asubuhi, za mkeka, mwimo wa mlango na tawi, kabla ya saa 2 kwa sababu ya jua la Dar es Salaam. Natembea kama zamani. Na Jumamosi kuanzia saa 11 jioni tunacheza rede, watu sita, wengine wakija. Siku nikiwa nimechoka nacheza mdako tu. Daftari la kuandika mafanikio nililianza nikaliacha, lilikuwa linanirudisha shule.

Kombolela nimerudi pia, miezi minne baada ya kuanguka. Ukienda kuomba kuingia, jua kwamba watoto watakupa zamu ya kutafuta kwanza, ndiyo sheria ya mgeni. Usibishane. Uso ukutani, macho fumba, hesabu hadi 20 kwa sauti, na usichungulie, maana kuna mmoja ambaye kazi yake ni kukutazama. Kisha usiende mbali na kopo.